Kura tano kwa siku moja: mwakilishi, mbunge na diwani wa Zanzibar wanatofautianaje?

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, na hata ukishapita, maswali yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba hufanana. Msikilizaji mmoja anauliza kwa nini mbunge wake hasemi lolote kuhusu dawa zinazokosekana hospitali. Mwingine anamlaumu mwakilishi kwa jaa la taka lisilozolewa. Wa tatu anataka kujua sheha wake atapigiwa kura lini.

Maswali haya yana majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo imo kwenye karatasi za kura zenyewe. Tumeyakusanya hapa ili msikilizaji ayasome kwa nafasi yake na ajue, kura yake ikishahesabiwa, ni mlango wa nani wa kubisha hodi.

Karatasi tano, tume mbili

Siku ya uchaguzi mkuu mpigakura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mpigakura wa Zanzibar hupewa tano. Mbili ni za Muungano, yaani rais wa Jamhuri ya Muungano na mbunge wa kwenda Dodoma. Tatu ni za Zanzibar: rais wa Zanzibar, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi na diwani wa wadi.

Karatasi hizo husimamiwa na tume mbili tofauti. Kura mbili za Muungano ni za tume ya taifa, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Tatu za Zanzibar ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, inayojulikana kwa ufupisho wa ZEC. Kila moja ina mwenyekiti wake na sheria yake, na kila moja hutangaza matokeo yake.

Tofauti hii ilionekana wazi mwaka 2015. Wazanzibari walipiga kura zote tano tarehe 25 Oktoba. Siku tatu baadaye, tarehe 28, mwenyekiti wa ZEC wakati huo, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuzifuta kura zote tatu za Zanzibar. Kura mbili za Muungano zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, zilihesabiwa na kukubaliwa. Wabunge wakaenda Dodoma kuapishwa huku Zanzibar ikisubiri uchaguzi wa marudio, uliofanyika tarehe 20 Machi 2016 na kususiwa na chama cha CUF.

Mwakilishi hutunga sheria gani?

Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984, serikali yake, mahakama yake na chombo chake cha kutunga sheria, ambacho ni Baraza la Wawakilishi. Baraza hili lilianza kazi mwaka 1980. Kabla ya hapo, tangu Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi, ambalo halikuchaguliwa kwa kura.

Mambo yaliyoorodheshwa kuwa ya Muungano, kama ulinzi, polisi, uraia, sarafu na mambo ya nje, hutungiwa sheria na Bunge. Yaliyobaki ni ya Zanzibar: afya, skuli za msingi na sekondari, ardhi, kilimo, maji, barabara, utalii. Huko ndiko kwenye kazi ya mwakilishi. Yeye ndiye anayepitisha bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kumhoji waziri wa afya au wa maji.

Kwa hiyo yule msikilizaji mwenye shida ya dawa anamlaumu mtu asiyehusika. Mbunge wake hana waziri wa afya wa Zanzibar wa kumuuliza ndani ya Bunge. Swali hilo ni la mwakilishi, na pahala pake ni Chukwani, lilipo jengo la Baraza.

Hata sheria ya Bunge haivuki bahari yenyewe tu. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar kinataka sheria hiyo iwe ya jambo la Muungano, na iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi, ndipo itumike Visiwani.

Diwani na sheha

Diwani huchaguliwa kwenye wadi, ambayo ni sehemu ya jimbo. Huingia kwenye baraza la serikali ya mitaa la wilaya yake. Kwa watu wa mjini baraza hilo ni la manispaa. Kwingine ni baraza la mji au halmashauri. Huko huzungumzwa usafi na uzoaji wa taka, masoko, mitaro ya maji ya mvua, leseni za biashara na ada zinazotozwa wafanyabiashara wadogo. Jaa lisilozolewa, basi, ni la diwani kabla ya kuwa la mwakilishi.

Sheha ni jambo jingine. Yeye ndiye serikali iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi, lakini hapigiwi kura. Sheha huteuliwa na mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa huteuliwa na rais wa Zanzibar. Wenzetu wa Bara huchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, kama walivyofanya tarehe 27 Novemba 2024. Zanzibar haina uchaguzi wa namna hiyo. Kwa Mzanzibari, diwani ndiye kiongozi wa chini kabisa anayeweza kumweka na kumtoa kwa kura yake. Wengi wanaotupigia simu hawamjui hata kwa jina.

Nani anaruhusiwa kupiga kura?

Mpigakura wa ZEC lazima awe Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 na aliyeandikishwa katika daftari la kudumu. Lazima pia awe mkaazi wa jimbo analoandikishwa. Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar imeweka muda wa miezi 36 mfululizo ya ukaazi. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huhitajika.

Sharti la ukaazi ndilo lililozaa ugomvi mwingi kuliko mengine. Visiwa ni vidogo na watu huhama kutafuta riziki: kijana wa Micheweni anakwenda kuuza duka Darajani, mwanamke wa Makunduchi anaolewa Bububu. Anayethibitisha kwamba mtu ni mkaazi wa pahala mara nyingi ni sheha, na sheha, kama tulivyoeleza, ni mteule wa serikali. Vyama vya upinzani vimelalamika kwa miaka mingi kwamba watu wao hukataliwa kwenye hatua hiyo, na wamedai pia kwamba wasiostahili huandikishwa. Serikali na tume wamejibu kwamba sheria inafuatwa.

Mtanzania anayeishi Zanzibar lakini hatimizi masharti ya ZEC bado ana haki ya kura za Muungano. Huyo huandikishwa na tume ya taifa na kupewa karatasi mbili badala ya tano. Ndiyo maana kituo kimoja huweza kuwa na watu wanaotoka na idadi tofauti ya kura, na hilo si kosa la kiutaratibu.

Jambo jingine linaloulizwa sana ni kura ya mapema. Sheria ya mwaka 2018 iliruhusu watendaji wa uchaguzi na askari watakaokuwa kazini siku kuu ya uchaguzi wapige kura siku moja kabla. Ilitumika tarehe 27 Oktoba 2020 na tena tarehe 28 Oktoba 2025. Wapinzani waliipinga, wakisema ni vigumu kwa mawakala wao kuifuatilia.

Kiti kimoja hufika mbali

Majimbo ya uchaguzi ya Zanzibar ni 50: 32 Unguja na 18 Pemba. Kila jimbo hutoa mwakilishi mmoja, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata akimzidi mwenzake kwa kura moja. Hesabu ya viti hivyo, hata hivyo, haiishii hapo.

Kwanza, wanawake wa viti maalumu, ambao idadi yao ni asilimia 40 ya wajumbe wa majimbo, hugawiwa vyama kwa kutazama viti vilivyoshindwa. Pili, Baraza huchagua wajumbe wake watano waende kuwa wabunge wa Bunge la Muungano. Tatu, kiongozi wa upinzani ndani ya Baraza ana nafasi yake kikatiba katika kupendekeza wajumbe wawili wa ZEC, kama alivyo kiongozi wa shughuli za serikali. Nne, tangu mwaka 2010, nafasi za mawaziri katika serikali ya umoja wa kitaifa hugawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza.

Chama kinachopoteza majimbo kwa kura chache kila pahala kinaweza kujikuta na wapigakura wengi na sauti ndogo. Ndiyo maana mipaka ya majimbo hugombaniwa sana. Pemba ilikuwa na majimbo 21 mwaka 1995. Kufikia uchaguzi wa 2005 yalikuwa 18. Mwaka 2015 majimbo ya Baraza yaliongezwa hadi 54, na mwaka 2020 yakarudi 50.

Hesabu zilizobadili historia

Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanyika Julai 1957, kwa viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni. Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe wawili wa ZPPP wakaenda upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, ikawa 11 kwa 11, na hakuna aliyeweza kuunda serikali.

Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, kikiwa kimeongezwa kiti kimoja. Siku ya kura zilizuka ghasia na watu 68 wakauawa. Julai 1963, katika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP walipata 18 kwa pamoja, wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye serikali hiyo ikapinduliwa.

Vyama vingi viliporudi, mgawanyiko ulikuwa bado wa nusu kwa nusu. Mwaka 1995 CCM ilipata viti 26 na CUF 24, na viti vyote vya Pemba vilikuwa vya CUF. Salmin Amour alitangazwa rais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. Mwaka 2000 uchaguzi ulifutwa katika majimbo 16, na CUF ikasusia marudio. Maandamano ya Januari 2001 yalimaliza maisha ya watu, na Wapemba kwa mamia wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kutafuta hifadhi.

Maafikiano yalichukua muda. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Tangu hapo Katiba imeweka makamu wawili wa rais. Wa kwanza hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili katika kura ya urais. Wa pili hutoka chama cha rais na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali ndani ya Baraza. Utaratibu huo uliyumba baada ya marudio ya 2016, ukafufuliwa Desemba 2020 Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, alipokubali kuapishwa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman. Wawili hao, Mwinyi na Othman, ndio walioshindana katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, na Mwinyi akatangazwa mshindi wa muhula wa pili.

Ukitaka kudai, anzia wapi?

Tunamalizia na yale ambayo msikilizaji anaweza kuyatumia kesho. Taka, soko, mtaro na ushuru wa meza ya biashara: anza na diwani. Dawa, walimu, maji, barabara na mgogoro wa ardhi: mwakilishi. Polisi, uraia, pasi ya kusafiria na mambo ya benki: mbunge. Barua ya ukaazi: sheha, na ukikataliwa, omba uambiwe sababu na upeleke malamiko kwa ofisi ya tume ya wilaya yako katika muda uliowekwa.

Daftari la wapigakura huwekwa wazi likaguliwe kabla ya kila uchaguzi. Aliyehama, aliyetimiza miaka 18 na aliyepoteza kadi, wote wana kazi ya kufanya kabla ya siku hiyo. Chake Chake ya 1961 iliamuliwa na mtu mmoja aliyekuwamo daftarini na akaenda kituoni.