Ngege Kabla ya Sangara
Kuanzia Bukoba hadi visiwa vya Muleba, lawama ya kuadimika kwa samaki wa Ziwa Viktoria humwangukia sangara. Ni kweli, tangu apandikizwe miaka ya 1950 na 1960 amefuta aina nyingi za furu. Lakini ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo, alianza kuadimika mapema: nyavu za makila ziliingia ziwani mwaka 1905, na uchunguzi wa Michael Graham wa 1927–1928 ulishapendekeza matundu yasipungue inchi 5. Atasema mtu kwamba sangara amejenga viwanda na kusomesha watoto. Sikatai, ila fedha hairudishi mbegu. Ngege amesalia katika vijiziwa kama Kanyaboli, Kenya, ambako sangara hakutamba. Kwa hiyo maziwa ya Ikimba na Burigi yalindwe dhidi ya samaki wageni, hata wakiletwa kwa nia njema.