Dibaji si Utangulizi

Kurasa za mwanzo za vitabu vyetu hubeba majina mengi, na si yote yanayozua utata. Tabaruku humtaja anayetunukiwa kitabu. Shukrani huwataja waliosaidia. Tatizo liko kwenye dibaji na utangulizi, ambazo baadhi ya wachapishaji huzitumia kama visawe. Sioni kuwa ni visawe. Zinatenganishwa na mambo mawili: nani ameandika, na je, hoja ya kitabu inasimama bila sehemu hiyo? Dibaji iwe ya mtu mwingine, anayeijua fani na kukitolea kitabu ushahidi; ikiondolewa, kitabu hakipungukiwi. Utangulizi ni wa mwandishi, nao ni sehemu ya kazi yenyewe. Mfano mzuri ni Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Katika utangulizi wake mshairi mwenyewe anatetea uamuzi wa kuacha vina na kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku. Asiyeusoma ataweza kudhani kwamba mshairi alishindwa kupatanisha vina, ilhali aliviacha kwa makusudi.

Wapo watakaopinga kwa kutumia tenzi. Humo beti za mwanzo, ambamo mtunzi humsifu Mungu na kuagiza wino na karatasi, huitwa dibaji, na mtunzi ni yuleyule. Ni kweli, na istilahi hiyo ibaki hivyo katika ushairi. Lakini dibaji ya utenzi ni beti ndani ya utungo, ilhali tunayoizungumzia hapa hukaa nje ya matini. Neno moja kuwa na maana mbili katika fani mbili si jambo geni katika lugha yoyote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata Kiingereza, tunakotafsiri istilahi hizi, hakifuati mipaka hiyo. Kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, cha mwaka 1938, kina maelezo mafupi ya mwanzo ya Kenyatta mwenyewe, pamoja na sehemu iliyopewa jina tunalolitafsiri kuwa utangulizi, ambayo iliandikwa na Bronisław Malinowski, mwalimu wake huko London. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa hasara inayotokea. Mwanafunzi akinukuu “utangulizi wa kitabu cha Kenyatta”, msomaji atadhani maneno ni ya Kenyatta, kumbe ni ya profesa wake wa Ulaya. Katika kitabu ambamo Mwafrika alisimama kuieleza jamii yake mwenyewe, kumbadilishia msemaji ni kosa kubwa. Tukikitafsiri, maneno ya Malinowski yanastahili kuitwa dibaji, na yale ya Kenyatta neno la mwandishi, kwa kuwa yanasimulia jinsi kitabu kilivyopatikana bila kuanza hoja.

Wahariri na wachapishaji wakubaliane juu ya majina haya matatu, na jina la aliyeandika lichapwe chini ya kila sehemu.