Nani Aaminiwe Kuhusu Barua Pepe: Mtunza Orodha au Mwenye Jina?

Barua pepe ilianza bila kumkagua anayeituma. Kanuni za SMTP zilizoandikwa na Jon Postel mwaka 1982 zilimwachia mtumaji ajiite apendavyo. Ndiyo maana tapeli aliye popote anaweza kumwandikia mkulima wa mahindi wa Ufipa kwa jina la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye kanda yake Sumbawanga, au kwa jina la ofisi ya mkoa inayotumia kikoa cha rukwa.go.tz. Seva inayopokea ndiyo huamua kama barua hiyo ipite.

Kinga ya awali ilikuwa orodha. Mwaka 1997 Paul Vixie na Dave Rand walianzisha Marekani orodha ya anwani za mtandao zinazotoa barua taka. Mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus jijini London. Seva iliuliza orodha kabla ya kupokea. Udhaifu wake ni kwamba wateja wengi wa kampuni moja ya intaneti wanapotumia anwani moja, kosa la mmoja huwafungia wote.

Baadaye mwenye kikoa naye akapewa kauli. SPF (2006) ilimwezesha kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na DKIM (2007) kuitia barua saini. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, iliongeza agizo: barua isiyothibitika iachwe ipite, itengwe au ikataliwe. Taasisi inayochagua “ipite” hupata ripoti tu, haimzuii tapeli.

Kutii agizo bila kupima nako kulileta hasara. Aprili 2014 Yahoo iliagiza barua zisizothibitika zikataliwe. Watumiaji wake halali walioandika kwenye vikundi vya barua pepe wakajikuta wanakataliwa, kwa kuwa seva ya kikundi ndiyo iliyozisambaza barua zao. Ikabidi baadhi ya wapokeaji waweke orodha za vikundi vya kusamehewa.

Tena, agizo la DMARC huthibitisha jina, si tabia. Tapeli akisajili kikoa kinachofanana na cha wakala, anaweza kukiwekea DMARC isiyo na dosari. Hapo orodha ndizo humnasa. Kuanzia Februari 2024 Gmail inadai yote mawili kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku: awe na DMARC, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.