Bangi, Sheria na Mama Mzazi

Siku hizi ukimkanya kijana kuhusu bangi, atakujibu: "Mama, kwani hujui hata Marekani wameruhusu?" Hajadanganya sana, ila hadithi ameikata katikati. Leo tuianze mwanzo, kwa sababu kina mama wenzetu wamo ndani yake.

Serikali kuu ya Marekani iliibana bangi kwa sheria ya kodi ya mwaka 1937. Mwaka 1973 jimbo la Oregon likawa la kwanza kuacha kumfunga mtu aliyekutwa na kiasi kidogo, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1978, uchunguzi wa wanafunzi unaofanywa huko kila mwaka ulionyesha kuwa karibu mmoja kati ya kila 9 wa darasa la mwisho la sekondari alikuwa akivuta karibu kila siku.

Agosti 1976, mjini Atlanta, mama mmoja aitwaye Keith Schuchard alimfanyia bintiye sherehe ya kutimiza miaka 13. Wageni walipoondoka, yeye na mumewe walishuka uani usiku na tochi, wakaokota vipisi vya misokoto ya bangi na mikebe ya pombe kwenye nyasi. Akawapigia simu wazazi wa wale watoto. Wengine walikasirika, wengine wakakana: si mtoto wangu. (Jibu hilo nalijua vizuri, hata mitaani kwetu lipo.) Hatimaye wakakutana na kuafikiana: saa ya kurudi nyumbani iwe ile ile kwa watoto wote, na pasiwe na sherehe bila mtu mzima. Basi mtoto hakuweza tena kusema "mama fulani amemruhusu mwanawe." Mwaka 1979 shirika la serikali la utafiti wa dawa za kulevya lilichapisha kijitabu alichoandika mama huyo, na vikundi vya wazazi vikaenea. Kufikia 1992 waliovuta karibu kila siku walikuwa kama mmoja kati ya 50. Sisemi ni kazi ya wazazi peke yao, lakini walishiriki.

Hata hivyo, hofu ilizaa ukali pia. Kituo kiitwacho Straight, kilichoanzishwa Florida mwaka 1976, kilipokea vijana kutoka kwa wazazi waliokata tamaa. Vijana walilalamika kuwa walizuiliwa na kudhalilishwa, kesi zikafika mahakamani, na mwaka 1993 kikafungwa. Wazazi waliowapeleka huko walikuwa wakiwapenda watoto wao, mama, kama wewe.

Watafiti wakatafuta njia nyingine. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya wazazi 42 ambao watoto wao walitumia dawa za kulevya na kukataa katakata matibabu. Waliofundishwa ni wazazi, katika vikao 12 hivi. Watoto wa wazazi 30 kati yao walikubali kwenda kutibiwa!

Je, walifundishwa nini? Kuangalia ni wakati gani kijana hajavuta, na kuufanya wakati huo uwe mtamu: chakula anachopenda, mazungumzo, kumsifu kwa jambo dogo. Akija amelewa, usipige kelele wala usimbembeleze. Ondoka, mtazungumza kesho. Asichoamka kufanya kwa sababu ya bangi, usimfanyie. Neno la matibabu litaje siku ametulia, hasa akiwa mwenyewe amechoshwa na hali yake. Nawe mama ule, ulale, uende kwenye chama chako. Akiwa na fujo, usalama wako na wa wadogo zake kwanza.

Sasa turudi kwa lile jibu la kijana. California iliruhusu bangi ya matibabu mwaka 1996. Colorado na Washington zikairuhusu kwa watu wazima kwa kura za 2012. Lakini kila jimbo lililoruhusu bangi ya starehe limeweka umri wa miaka 21. Mwambie hivyo. Ubongo hukua hadi karibu miaka 25, na anayevuta mara kwa mara akiwa mdogo yuko katika hatari zaidi ya kuharibu kumbukumbu na kupata ugonjwa wa akili.

Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yalipunguza adhabu hiyo, ila bado ni kosa. Kwa hiyo, mama unayefikiria kumwita polisi ili "akanyooshwe kidogo", fahamu kwamba kesi ikishafunguliwa si wewe unayeamua inaishia wapi.

Piga kwanza 1192, nambari ya NACADA, bila malipo. Au njoo kituo cha afya kilicho karibu uulize ushauri nasaha. Unaweza kuja peke yako, hata kama kijana amekataa kuandamana nawe.