Nisubiri mpaka saa ngapi? Historia ya nyuzi zinazolala kwa muda

Leo siandiki habari za boom kuchelewa wala foleni ya kafeteria. Nilipewa mada ya semina kwenye historia ya kompyuta (sisi wa ualimu kila kitu lazima tukitafutie historia, teh teh) na nimenasa kwenye jambo dogo lililowahenyesha mafundi wa programu kwa miongo minne: jinsi ya kumwambia mtu asubiri, lakini asisubiri milele.

Kwa wale wa Kiswahili na Jiografia, twende taratibu. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi ndani yake, yaani wafanyakazi kadhaa wanaotumia daftari moja. Ili wasigombane kuna kufuli: mwenye kufuli ndiye anayegusa daftari. Sasa uzi ukilishika kufuli ukakuta kazi haijaletwa, ufanye nini? Ukikaa nalo, anayeleta kazi hawezi kuingia. Ndipo kikaja kigeu cha sharti: uzi unaachia kufuli na kulala kwa mpigo mmoja, na mwenzake akishaleta kazi anauamsha.

Wazo hili lilitoka kwa Per Brinch Hansen na Tony Hoare, miaka ya 1973 na 1974. Kwa Hoare, aliyeamshwa anapewa zamu palepale, kwa hiyo akifumbua macho kazi ipo mezani. Safi sana kwenye karatasi. Lakini jamaa wa Xerox huko California walipoitumia kweli katika lugha yao ya Mesa waliona inabana. Makala ya Butler Lampson na David Redell ya 1980 inaeleza walichoamua: kuamshwa ni taarifa tu, si ahadi. Ukiamka, kagua mwenyewe. Ukikuta mwingine keshaichukua kazi, rudi ulale. Na hao hao wakaweka kikomo cha muda kwenye kila kigeu cha sharti, muda ukiisha uzi unaamka hata kama hakuna aliyeuita.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mambo hayo mawili hayakai pamoja kirahisi. Chukua uzi unaosema "nitasubiri sekunde 10". Sekunde ya 8 unaamshwa, unakagua, hamna kitu. Unarudi kulala... sekunde 10 nyingine! Si unajua yule rafiki wa "niko njiani, nipe dakika kumi"? Kila ukimpigia ni dakika kumi mpya. Walioandika kanuni za POSIX za nyuzi mwaka 1995 walilikwepa hilo kwa ujanja mmoja: pthread_cond_timedwait haiulizi usubiri kwa muda gani, inauliza mpaka saa ngapi. Ukiamshwa mara mia, saa ya mwisho ni ile ile.

Wengine walienda njia yao. Java ilipotoka 1996 ilihesabu muda kwa milisekunde, na mbaya zaidi ukiamka hukuambiwa kama umeitwa au muda umeisha! Mpaka Java 5 ya 2004 ndipo ikaja awaitNanos inayokurudishia muda uliobaki. Windows nayo haikuwa na vigeu vya sharti vya kwake mpaka ilipotoka Vista.

Ila iliyonichekesha ni Python 2. Kufuli lake halikujua kabisa kusubiri kwa muda. Basi maktaba ya nyuzi ikawa inalala milisekunde moja, inachungulia, inalala mara mbili ya hapo, inachungulia, hadi ifike milisekunde 50, kisha inaendelea hivyo hivyo mara 20 kwa sekunde. Yaani kama mtu anayefungua jiko kila dakika kutazama kama wali umeiva. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa inakula umeme bure na kuchelewa kuamka. Python 3.2 ya 2011 ndiyo iliyoliondoa hilo.

Sasa rudi kwa POSIX. Umesema "mpaka saa fulani"... saa ipi? Kwa kawaida ilikuwa saa ya ukutani, ile inayohesabu sekunde tangu 1970. Lakini saa ya ukutani mtu anaweza kuirekebisha. Uzi umelala sekunde 5, msimamizi wa mashine akairudisha saa nyuma kwa saa nzima, uzi unalala saa nzima na ushee. Duh! Dawa ni saa isiyorudi nyuma, ambayo kwenye Linux huanza kuhesabu pale mashine inapowashwa, kama saa zetu za Kiswahili zinavyoanza jua linapochomoza. Kanuni za 2001 ziliruhusu kuichagua, lakini kwa hiari tu.

Bei ya saa ya ukutani ilionekana usiku wa kuamkia Julai 1, 2012. Dunia iliongezewa sekunde moja ili kulingana na mzunguko wake, kwetu ikiwa saa 9 usiku. Kiini cha Linux kiliiongeza sekunde ile, ila sehemu yake inayoamsha waliolala haikuambiwa, ikabaki mbele kwa sekunde moja. Uzi uliotaka kulala nusu sekunde kwa saa ya ukutani ulikuta muda umeshapita, ukaamka, ukakagua, ukarudi kulala, ukaamshwa tena papo hapo, mfululizo. Seva zilichemka bila kufanya kazi yoyote. Reddit ilianguka, na Qantas kule Australia wakaandikisha abiria kwa mkono. Dawa ya haraka? Kuiambia mashine iweke upya saa ile ile iliyokuwa nayo. Basi!

Ungedhani baada ya hapo wangeharakisha. Wapi! C++ ya 2011 ilikuruhusu kuchagua saa kila unapolala, lakini POSIX ilitaka uichague mara moja tu, wakati wa kuunda kigeu. Maktaba ya GCC ikawa inabadilisha kimyakimya saa uliyoitaja kuwa ya ukutani. Ripoti ya tatizo ilifunguliwa 2009. glibc 2.30 ikaleta pthread_cond_clockwait mwaka 2019, GCC 10 ikaitumia 2020, na POSIX yenyewe ikaikubali 2024.

Wale wa ICT mliofika mpaka hapa, hebu fungueni kodi za miradi yenu mtazame nyuzi zenu zinalala kwa saa ipi, halafu mniambie kwenye maoni.