Mzigo, posho na hongo: hesabu ya kurudi nyumbani



Mu mkutano wetu wa mwisho kulitokea ubishi mkubwa. Wengine walisema kila familia inayorudi ipewe kiasi kimoja cha pesa, sawasawa na bei ya gari mpaka kijijini, na basi. Mfadhili mmoja naye alikuwa ameuliza kwa barua: kama kamio inaomba kiasi hiki, kwa nini nyinyi mnaomba mara tatu? Ni swali la haki. Nilitafuta jibu mu hesabu za leo, nikaona jibu liko mu historia. Hii kazi ya kuhesabu bei ya kuhama haikuanza na sisi.

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, misafara ilikuwa ikitoka pwani ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na mingine ikavuka mpaka huku Kongo. Mizigo ilibebwa na wapagazi, kichwani na begani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, karibu frasila 2. Mwenye msafara, kabla ya kutoka, alihesabu mambo matatu. La kwanza, mizigo ni mingapi, ndiyo wapagazi wangapi na mshahara wao. La pili, posho: chakula cha kila siku cha wale watu, njia nzima. La tatu, hongo: malipo kwa machifu ambao njia ilipita kwao. Nchi ya Wagogo, katikati ya Tanzania ya leo, ilijulikana sana kwa hongo yake. Mtu aliyehesabu mshahara peke yake, akasahau posho na hongo, alikwama njiani na mali yake yote.

Mzigo, posho, hongo. Haya maneno matatu ningali ninayaona mu kila familia ninayoandika mu daftari yangu hapa Bunia. Tuyapitishe mu safari zetu wenyewe.

Safari ya 2003. Wengi wetu tunaikumbuka. Mwanzo wa Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka Bunia, na vita vya kugombania mji vikaanza. Maelfu na maelfu ya watu walishika njia ya kusini kwa miguu: Komanda, Eringeti, Oicha, mpaka Beni. Ni karibu kilomita 200. Wengine walibaki mu mji, wakajibanza karibu na uwanja wa ndege na karibu na nyumba za MONUC. Tarehe 12 Juni operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya ikaanza, na mwanzo wa Septemba MONUC ikashika kazi kwa nguvu mpya.

Mu ile safari, nani alihesabu bei? Hakuna. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kichwa chake kilibeba sufuria moja na nguo kidogo. Mzigo ulikuwa mdogo, kwa hiyo watu walisema safari ilikuwa ya bure. Haikuwa ya bure. Bei yake ilikuwa kila kitu kilichobaki nyumbani: mlango, mabati, mbuzi, mbegu, cherehani. Bei ya kukimbia hulipwa siku ya kurudi, kwa sababu siku hiyo unaanza kununua tena vyote ulivyoviacha. Na njiani, ku kila barieri, hongo ilikuwa pale pale. Waliokuwa na bunduki walibadilika jina. Kamba iliyofungwa barabarani haikubadilika.

Safari ya 2018. Toka Desemba 2017, mauaji yalipoanza tena mu teritwari ya Djugu, njia ilikuwa nyingine: ziwa Albert. Watu waliteremka ku Tchomia na Kasenyi, wakapanda mitumbwi, wakavuka mpaka Sebagoro upande wa Uganda, kisha wakapelekwa mu makao ya Kyangwali. Februari 2018 waliovuka walikuwa wengi kupita kiasi, na kipindupindu kikawakuta kule. Wengine walibaki huku: hapa Bunia kambi ya Hospitali Kuu ilijaa, na 2019 watu wakahamishwa mpaka Kigonze.

Mu hii safari bei ilionekana, kwa sababu mtumbwi unalipwa. Bei ilihesabiwa kwa kichwa cha mtu, na mzigo ulilipiwa mbali. Familia zilifanya uchaguzi ambao hakuna mzazi anapaswa kuufanya: nani avuke leo, nani angoje. Baba aliyebaki ku Tchomia kutafuta pesa ya mtumbwi wa pili alikuwa sasa na nyumba mbili za kulisha, moja huku, moja ng'ambo. Hiyo ni bei, hata kama hakuna risiti.

Sasa safari ya tatu, ile inayotuhusu: kurudi.

Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliowekwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, unasema mu kifungu chake cha 5 kwamba kurudi ni kwa hiari ya mtu mwenyewe, na kwamba nchi aliyokimbilia, nchi yake ya asili na mashirika wanapaswa kumsaidia kwa kila njia. Ona vizuri: msaada wenyewe ni wa kurudi. Gari ni sehemu tu ya kurudi. Mtu hajarudi siku anaposhuka ku gari. Amerudi siku anapokula kutoka shamba lake.

Hapa naungama kosa, na ni langu mimi. Miaka michache iliyopita nilitengeneza bajeti ya familia moja, watu 6, kutoka Bunia kurudi kijijini mu Djugu. Nilihesabu gari, pikipiki mbili za kumalizia pale gari haifiki, na bashi moja. Nilikuwa na furaha, maana bajeti ilikuwa ndogo na viongozi waliikubali haraka. Familia iliondoka mu Mei. Mvua ya kupanda ilikuwa imeshapita. Kabla ya miezi miwili kuisha niliwakuta tena hapa mjini. Walikuwa wameuza sufuria kubwa na jembe ili kulipa pikipiki ya kurudi. Yule mama hakunilaumu. Alisema tu: "Ulitupeleka, lakini hukutufikisha." Ile pesa ya wanamemba ilipotea bure, na ile familia ilipoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Tangu siku hiyo ninahesabu kama mwenye msafara wa zamani. Tuchukue mfano wa familia kama ile, watu 6.

Mzigo. Godoro mbili, magunia ya nguo, vyombo, bidoni, majembe, mabati kidogo. Tuseme ni kilo 150. Kwa hesabu ya wapagazi ni mizigo 5. Usihesabu njia kama kitu kimoja, ikate vipande. Kipande cha kamio, kipande cha pikipiki, kipande cha miguu. Kila pahali mzigo unaposhushwa na kupakiwa tena, kuna mtu wa kulipa. Njia ya ziwa ina vipande vingi zaidi: kambi mpaka bandari, mtumbwi, bandari mpaka Bunia, Bunia mpaka kijiji.

Posho. Kiasi kinachotumika mara nyingi mu kazi ya misaada ni gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku, na gramu 60 za maharagwe. Kwa watu 6, siku moja ni kilo 2 na gramu 400 za unga. Maharagwe yanaomba karibu miezi 3 toka kupanda mpaka kuvuna. Mahindi yanapita hapo. Mihogo inaweza kuomba mwaka mzima. Tushike siku 90 tu: unga kilo 216, maharagwe kilo 32 na kitu. Jumla karibu kilo 250. Ni zaidi ya mizigo 8 ya mpagazi. Posho peke yake ni nzito kuliko vyombo vyote vya nyumba! Hili ndilo jibu la kwanza kwa mfadhili wetu aliyeuliza mara tatu inatoka wapi.

Hongo. Leo tuiite kwa majina yake: barieri, karatasi, na madeni. Nani ana karte ya uchaguzi na nani aliipoteza? Watoto waliozaliwa ng'ambo wana karatasi gani? Na kabla ya kutoka kambini, mama anadaiwa ku duka dogo la unga, na anadaiwa mu likelemba. Hawezi kuondoka bila kulipa, kwa sababu mtu anayeondoka na deni hawezi kurudi kuomba hifadhi mambo yakiharibika. Risiti za barieri hatutazipata, lakini tuandike ukweli mu daftari, tusijifiche nyuma ya neno "mengineyo".

Naongeza mambo mawili ambayo msafara wa zamani haukuyajua.

La kwanza ni thamani ya pesa. Mwaka 2018 dola moja ilikuwa karibu franka 1,600. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Aliyeweka franka 100,000 mu sanduku 2018, akingoja amani, aliweka dola 62 hivi. 2024 ilikuwa imebaki kama dola 35. Hakuna mwizi aliyeingia. Kwa hiyo bajeti iliyoandikwa mwaka jana isitumiwe mwaka huu bila kupita tena sokoni kuuliza bei.

La pili ni safari ya kuangalia. Mtu mmoja wa familia atangulie, aone shamba liko mikononi mwa nani, maji yako wapi, usalama ukoje, shule inafanya kazi ama hapana. Ni bei ya mtu mmoja ku pikipiki, kwenda na kurudi. Ingeokoa bajeti yangu yote ya ile familia. Na kama anarudi na kusema "bado", tumheshimu. Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kuna vijiji ambavyo kusema "bado" ndiyo hesabu iliyo sahihi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkutano ujao ni hili. Tuache kiasi kimoja kwa wote. Kila familia ihesabiwe kwa mistari mitano: safari ya kuangalia, mzigo kwa vipande vya njia, posho mpaka mavuno ya kwanza, karatasi na madeni, na mbegu na majembe. Na tarehe ya kutoka ifuate mvua: afadhali Februari, kabla ya kupanda kwa Machi, kuliko Mei wakati gari ni tayari lakini shamba limekataa.

Najua maana yake. Kwa pesa ile ile tutasaidia familia chache zaidi mwaka huu, na wale watakaongoja watakuwa na uchungu, na haki ya kuwa na uchungu wanayo. Mimi nitakaa mbele yao niwaeleze. Lakini nimeshaona familia moja ikipelekwa bila kufikishwa, na jina lake lingali mu daftari yangu, ku ukurasa wa watu wanaongoja.