Mji hauokoi mafuta kwa marufuku

Wale wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka wakati ambapo hapa Tanzania ilikuwa ni kosa kuendesha gari binafsi siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni zilikuwa haba, na Serikali ikaona kuwa njia ya kubana matumizi ni kupiga marufuku. Mtu aliyekwenda harusini siku ya Jumapili alikuwa akitazama saa kila mara, kama mwanafunzi anayemwogopa mwalimu wa zamu.

Amri ile ilipunguza safari za Jumapili. Lakini Jumatatu asubuhi kila mtu alirudi kwenye mji uleule: nyumba iko mbali, kazi iko mbali, na basi halionekani. Hapo ndipo penye somo letu la wiki hii. Mji hutumia mafuta kadiri ulivyopangwa, na wajibu wa kuupanga ni wa viongozi wake. Wakiupanga vibaya, mwananchi atachoma mafuta hata kama hataki.

Hebu tutazame mji wa Curitiba, makao makuu ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili. Mwaka 1965 mji huo uliunda taasisi yake wenyewe ya mipango, na mwaka 1966 mpango mkuu ukapitishwa. Mipango ya miji tunaifahamu. Hata sisi tunayo mingi makabatini. Tofauti ni kwamba mwaka 1971 aliteuliwa kuwa meya msanifu majengo wa miaka 33, Jaime Lerner, aliyekuwa ameshafanya kazi katika taasisi hiyohiyo. Alipoingia ofisini alikuwa anaujua mpango, akautoa kabatini.

Tuseme ukweli wote. Lerner hakuchaguliwa kwa kura. Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, ulioanza mwaka 1964 na kumalizika 1985, na mameya wa miji mikuu ya majimbo walikuwa wakiteuliwa. Mwezi Mei 1972 aliufunga mtaa mkuu wa maduka, Rua XV de Novembro, ukawa wa waendao kwa miguu. Wenye maduka walipinga, wakihofia kukosa wateja. Mafundi walianza kazi Ijumaa jioni, mahakama zikiwa zimekwisha fungwa, na katika muda wa saa 72 mtaa ulikuwa umebadilika. Haukupita muda mrefu, wafanyabiashara walewale wakataka eneo hilo liongezwe.

Mwaka uliofuata dunia ilikumbwa na msukosuko wa mafuta. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ilipanda karibu mara nne. Brazili ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje, kama sisi. Miji mingi ilikuwa ikiota reli za chini ya ardhi, ambazo gharama yake haibebeki. Curitiba ilichukua kitu ilichokuwa nacho, yaani basi, ikakipa heshima ya treni. Mwaka 1974 mabasi ya haraka yalianza kazi katika njia zao wenyewe, katikati ya barabara, mahali ambapo gari jingine haliruhusiwi kupita.

Pamoja na njia ya basi, uongozi wa mji ulishika pia kalamu ya ardhi. Kando ya barabara za mabasi ilikubaliwa kujengwa majengo marefu ya kuishi na ya kazi. Kadiri mtu alivyokwenda mbali na njia hizo, ndivyo alivyoruhusiwa kujenga ghorofa chache zaidi. Kwa hiyo abiria wengi waliishi karibu na basi, na basi halikukimbia likiwa tupu. Mwaka 1991 vilijengwa vituo vyenye umbo la bomba, ambamo abiria hulipa nauli kabla basi halijafika, kisha huingia bila kupanda ngazi. Mwaka 1992 yakaja mabasi marefu yenye maungio mawili, kila moja likichukua watu wapatao 270. Basi la namna hiyo halisimami kituoni injini ikinguruma huku kondakta akitafuta chenji, na mafuta ya kubeba watu wawili watatu katika gari dogo hugawanywa kwa mamia.

Sisi tulifanya nini? Mwaka huohuo wa 1974 Dar es Salaam iliunda shirika lake la usafiri, UDA. Mabasi yalikuwapo, pamoja na yale Ikarus marefu yaliyoitwa kumbakumba. Lakini yalipita barabara moja na kila gari jingine, vipuri vikawa adimu, na mji ukatanuka kuyapita. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria, na daladala zikashika mji. Zilituokoa, hilo tusilisahau. Lakini magari mengi madogo yanayogombea abiria, yakisubiri kujaa huku yameziba barabara, hayawezi kuwa njia ya kuokoa mafuta.

Mawazo ya Curitiba yalisafiri. Huko Bogotá, Kolombia, meya Enrique Peñalosa, aliyechaguliwa kwa kura na kuongoza kuanzia 1998 hadi 2000, alikataa kujenga barabara za juu kwa ajili ya magari, akajenga njia za mabasi zilizofunguliwa Desemba 2000. Kumbe basi halihitaji udikteta. Linahitaji kiongozi anayekubali kulaumiwa kwa miaka miwili. Kutoka huko wazo likafika Dar es Salaam, ambako meya Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waliolipigania. Wakala wa DART uliundwa mwaka 2007, na Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza safari kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Lakini mwaka huohuo wa tuzo, maji ya mto Msimbazi yaliingia katika karakana ya mabasi hayo pale Jangwani, bondeni. Abiria nao wakawa na malalamiko ya mara kwa mara: njia ipo, kituo kipo, basi halipo. Na wakati tukijenga njia, ardhi tuliiacha ijipange yenyewe. Wanyonge wakazidi kusukumwa pembezoni, mbali na basi na mbali na kazi.

Curitiba nayo isigeuzwe pepo. Ardhi iliyo kando ya njia za mabasi ilipanda bei, maskini wengi wakaishia nje ya mji. Magari binafsi yaliongezeka sana, na katika karne hii mabasi yalipoteza sehemu ya abiria wake. Sifa za jana hazimfikishi mtu kazini leo. Mpango wa mji ni kama shamba. Usipopalilia kila msimu, magugu yanarudi.

Basi tunapowasikiliza madiwani na wabunge wetu wakizungumzia bei ya mafuta, tuwaulize maswali mepesi. Kiwanja kilicho kando ya kituo cha mwendokasi kimepewa nani, na atajenga nini? Shule na zahanati mpya zitawekwa mahali ambapo mama anaweza kufika kwa miguu? Fedha za kununua mabasi zimetengwa pamoja na fedha za lami, au lami itangoja mabasi miaka mingine kumi?

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Watu wa mjini ni vivyo hivyo: watapita pale walipochimbiwa. Kuchimba mkondo huo ni kazi ya uongozi, na gharama ya kuuchimba upande usiofaa hulipwa kila asubuhi na yule anayesubiri basi gizani.